Kiwewe cha vita hakitibiwi kwa kusahau

Mwanajeshi akirudi kutoka vitani akiwa mzima wa viungo, watu wake humshukuru Mungu, humpa pole, na baada ya wiki chache huanza kumwambia maneno yale yale: yaliyopita si ndwele, sahau, anza maisha mapya. Wanaomwambia hivyo wanampenda, na yeye mwenyewe hatamani kitu kama kusahau. Basi anajitahidi. Haendi harusini kwa sababu ya fataki na umati. Hapokei simu za wenzake wa kikosi. Taarifa ya habari ikianza, anatoka sebuleni. Miaka inapita, na vita badala ya kusogea mbali vinazidi kumkaribia. Usingizi umemtoka, hasira zinampanda kwa jambo dogo, watoto wamejifunza kunyamaza akiingia, na saa tisa usiku yuko macho akikagua milango ambayo alishaikagua kabla ya kulala.

Kwa mtu huyu yaliyopita ndiyo ndwele yenyewe, na juhudi ya kuyasahau ndiyo inayoilisha. Hilo ni gumu kulikubali kwa mgonjwa na kwa jamaa zake, maana linaenda kinyume na kila ushauri mwema ambao wamewahi kupewa. Lakini asiyelielewa hataelewa kwa nini matibabu yanayosaidia yanafanywa jinsi yanavyofanywa, wala kwa nini watu wengi huyakimbia.

Ugonjwa wenyewe

Wataalamu huuita mfadhaiko baada ya kiwewe, na wengi wanaujua kwa kifupi cha PTSD. Uliingia rasmi katika mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili mwaka 1980. Mtu hahesabiwi kuwa nao kwa sababu tu amepata msongo wa mawazo. Lazima awe amekutana na kifo, tishio la kifo, jeraha kubwa au ukatili wa kingono: ametendewa mwenyewe, ameona, amepata habari kwamba yamempata mtu wake wa karibu, au kazi yake imemlazimisha kukabiliana nayo kila mara, kama wale wanaokusanya maiti. Tena dalili ziwe zimedumu zaidi ya mwezi mmoja na ziwe zinamvurugia maisha.

Mwezi huo una maana. Karibu kila aliyetoka kwenye mapigano hushtuka ovyo na kuota ndoto mbaya kwa siku au wiki kadhaa. Huo bado si ugonjwa, ni mwili unaotulia taratibu, na wengi hutulia. Hata kati ya walioona mapigano makali, walio wengi hawapati PTSD. Nalisema hili kwa sababu kuna dhana mbili potofu zinazomwumiza mwanajeshi mstaafu kwa pamoja: moja inasema kila aliyetoka vitani amerudi na wazimu, ya pili inasema askari wa kweli haguswi na kitu. Zote mbili humfunga mdomo.

Dalili hupangwa katika makundi manne: tukio kurudi tena na tena, mtu kuepuka vinavyolikumbusha, fikra na hisia zake kubadilika kuwa nzito, na mwili kubaki macho kana kwamba hatari ipo mlangoni. Katika maisha ya kila siku mambo haya hayaji yakiwa yamepangwa. Harufu ya dizeli inatosha. Mtu yuko kituo cha mafuta, mikono kwenye usukani, ghafla kifua kinabana, jasho linamtoka, na masikioni anasikia redio ya kikosi ikiita. Kwa sekunde kadhaa hayuko kituoni. Anapozinduka, gari la nyuma linapiga honi na yeye hajui amesimama hapo kwa muda gani. Kumbukumbu ya kawaida huja na muhuri wa wakati wake, hivyo unaijua kuwa ni ya zamani. Hii huja kama jambo linalotokea sasa.

Sababu zake ziko kwenye ubongo. Sehemu iitwayo amigdala hutambua hatari na kuuamsha mwili kabla mtu hajapata nafasi ya kufikiri: moyo unaenda mbio, adrenalini inamiminika, misuli inakaza. Sehemu nyingine, hipokampasi, husaidia kuliweka tukio mahali pake na wakati wake. Ile ya mbele, nyuma ya paji la uso, hupima na kuamua kwamba huo ni mlango tu umebamizwa na upepo. Kwa mwenye PTSD, ya kwanza huamka upesi mno na hizi nyingine mbili hushindwa kuituliza kwa wakati. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kule vitani kushtuka huko kulikuwa ndiyo akili, na aliyeshtuka haraka ndiye aliyerudi. Jeshi hutumia miezi mingi kumfundisha kijana kulala nusu macho, kusoma paa za nyumba na mikono ya wapita njia, na kuzima huruma ili kazi ifanyike. Siku ya kumaliza utumishi anakabidhi silaha na sare. Ule uangalifu hauna ghala la kuurudishia.

Halafu kuna ganzi. Watu wakisikia PTSD hufikiria majinamizi na mishtuko, lakini ukiwasikiliza wake na waume wa wanajeshi, mara nyingi kilio chao kikubwa ni kwamba mtu yupo na hayupo. Mtoto anafaulu mtihani, baba anasema vizuri, na uso haubadiliki. Mama anashika kitanda, mwana hatoi chozi. Yeye mwenyewe anajiona amegeuka jiwe, na anajichukia kwa hilo. Ganzi hii ni sehemu ya ugonjwa, si ushahidi kwamba hawapendi.

Isidhaniwe pia kwamba PTSD ni ya waliofyatua risasi peke yao. Humpata dereva wa msafara aliyejua kwamba barabara imetegwa mabomu, mganga wa kikosi, mpishi wa kambi iliyokuwa ikipigwa makombora usiku. Na kuna wanaoumizwa na wenzao wenyewe. Katika hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani kila mgonjwa huulizwa kama alifanyiwa ukatili au udhalilishaji wa kingono akiwa jeshini. Takriban mwanamke 1 kati ya 3 na mwanamume 1 kati ya 50 hujibu ndiyo. Kwa kuwa wanaume ni wengi zaidi jeshini, hao 1 kati ya 50 ni watu wengi sana, na wengi wao hawajawahi kumweleza mtu.

Kwa nini kukwepa kunaulisha ugonjwa

Chukua mtu aliyeshambuliwa sokoni akiwa doria. Amerudi nyumbani, na mara ya kwanza anapokaribia soko, moyo unamdunda, anageuza njia. Akishageuza, moyo unatulia. Raha anayoipata hapo ndiyo yenye sumu, kwa sababu mwili umejifunza mambo mawili kwa mara moja: kwamba pale palikuwa na hatari kweli, na kwamba kilichomwokoa ni kukimbia. Hakupata nafasi ya kukaa hapo nusu saa aone kwamba hakuna lililotokea. Kesho atageuza mapema zaidi. Baadaye si soko tu, ni kituo cha basi, msikiti au kanisa lililojaa, mkutano wa wazazi shuleni. Dunia inapungua hadi inabaki kiti kimoja kilichoegemezwa ukutani kikiutazama mlango.

Kumbukumbu nazo hukwepwa kwa namna hiyo hiyo. Mtu anajishughulisha na kazi usiku na mchana asipate dakika ya kukaa kimya. Mwingine ameipata njia ya mkato kwenye chupa. Pombe kweli humlaza usingizi mapema, lakini huuvunja usiku wa manane na kuyaacha majinamizi pale pale, naye kesho yake anahitaji zaidi. Bangi nayo hutumiwa hivyo hivyo. Kumgombeza mtu wa aina hii kuhusu ulevi bila kugusa anachokikimbia ni kuhangaika na moshi. Siku hizi ushauri wa kitaalamu ni kutibu yote mawili kwa wakati mmoja, bila kumtaka aache kwanza pombe ndipo ahesabiwe kustahili matibabu ya kiwewe.

Jamaa nao huingia katika kukwepa huku bila kujua. Mke ameacha kualika wageni. Watoto wanaangalia televisheni bila sauti. Hakuna anayetaja jina la rafiki aliyekufa. Kila mmoja anafanya hivyo kwa huruma, na nyumba nzima inaishi kwa kanuni za ugonjwa.

Jambo hili lilionekana zaidi ya miaka mia iliyopita. Mwaka 1915, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, daktari Mwingereza Charles Myers aliandika katika jarida la Lancet juu ya askari watatu waliopatwa na upotevu wa kumbukumbu, uoni, na uwezo wa kunusa na kuonja baada ya makombora kulipuka karibu nao. Wengi walidhani mlipuko umeutikisa ubongo, na wengine waliona ni woga tu. Woga ulikuwa na adhabu yake: baada ya miaka mingi ya madai ya familia, mwaka 2006 Uingereza iliwasamehe rasmi askari 306 waliopigwa risasi na jeshi lao wenyewe katika vita hivyo, wengi kwa kutoroka na wengine kwa woga, na inaaminika kwamba baadhi yao walikuwa wagonjwa wa kiwewe.

Katika hospitali ya Craiglockhart karibu na Edinburgh, daktari William Rivers aliona kitu kingine. Maofisa wengi aliowapokea walikuwa wameshashauriwa na madaktari na jamaa waviondoe vita akilini. Mchana kutwa walijikaza. Usiku vilirudi na nguvu zote. Mwishoni mwa 1917 Rivers aliwaeleza madaktari wenzake kwamba sehemu kubwa ya mateso hayo ilitokana na ile juhudi ya kukandamiza. Alitoa mfano wa ofisa kijana aliyemtafuta rafiki yake na kuukuta mwili wake umesambaratishwa na kombora. Kila usiku aliuota. Rivers hakumwambia asahau, alimwomba wautazame pamoja, kisha akamwonyesha jambo ambalo kijana hakuwahi kulifikiria: mwili ulioharibika namna ile ni dalili kwamba rafiki yake alikufa papo hapo, hakuteseka. Baada ya hapo ndoto ilibadilika. Aliota ameukuta mwili ule ule, akapiga magoti bila hofu, akakusanya vitu vya rafiki yake ili awapelekee ndugu zake. Rivers alikiri pia kwamba si kila mgonjwa alikuwa na jambo la kumfariji ndani ya kumbukumbu yake, na wengine hakuwaweza. Naona ukweli huo una thamani kama ugunduzi wenyewe.

Kinachotendeka katika matibabu

Tiba zenye ushahidi imara zaidi ni tiba za mazungumzo zinazoligusa tukio lenyewe. Tatu ndizo zinazotajwa mara nyingi: ile ya kukabili kumbukumbu kwa muda mrefu, iliyojengwa na Edna Foa, ile ya kuchambua fikra, iliyojengwa na Patricia Resick, na ile inayotumia mwendo wa macho wakati mtu akilikumbuka tukio, iliyoanzishwa na Francine Shapiro mwaka 1987.

Watu huogopa ya kwanza kuliko zote, kwa hiyo nitaieleza kwa ukaribu. Kwa kawaida ni vikao 8 hadi 15, kila kimoja dakika 90. Hakuna anayetumbukizwa kwenye tukio siku ya kwanza. Vikao vya mwanzo ni vya kuelezwa ugonjwa, kujifunza kupumua polepole, na kuandika orodha ya vitu anavyovikwepa, kuanzia chepesi hadi kizito. Chepesi kinaweza kuwa kukaa mgahawani mlango ukiwa mgongoni. Anaenda, anakaa, hofu inapanda, na haondoki mpaka ishuke. Inashuka. Kesho yake anarudi, na mara hii inaanzia chini kidogo.

Kisha huja kumbukumbu yenyewe. Mtu anafumba macho na kuisimulia kwa sauti kana kwamba inatokea sasa: "Natembea. Mimi ni wa tatu kwenye mstari. Jua kali. Namwona aliye mbele yangu anageuka kuniambia kitu." Mtaalamu anamuuliza hofu imefika wapi kati ya 0 na 100. Tisini. Wanaendelea hadi mwisho, wanarudi mwanzo, wanasimulia tena. Masimulizi yanarekodiwa, naye anayasikiliza nyumbani kila siku. Ukisikia mara ya kwanza unaona ni ukatili. Lakini kinachotokea, kikao baada ya kikao, ni kwamba namba inashuka, na vipande vilivyokuwa vimetawanyika vinaanza kupangika. Mara nyingi mtu hukumbuka kitu alichokuwa amekiruka miaka yote: kwamba alipiga kelele kuwaonya, kwamba alimshika mwenzake mkono, kwamba muda wote ule ulioonekana kama saa nzima ulikuwa sekunde chache ambazo hakuna binadamu angeweza kufanya zaidi.

Ile ya kuchambua fikra, kwa kawaida vikao 12, inakamata sentensi ambazo mtu amekuwa akijiambia. "Ni mimi niliyesema tupite njia ile. Nimewaua." Mtaalamu hamkatalii. Anamuuliza: dakika ile ulijua nini, na nini umekijua baadaye? Njia ya pili ilikuwa na hatari gani? Bomu lilitegwa na nani? Aliyetoa amri akitumia habari alizokuwa nazo na aliyelitega bomu hawawezi kubeba mzigo mmoja, lakini mwanajeshi amekuwa akiwahesabu kuwa mtu mmoja, naye ndiye huyo.

Hatia nyingine, hata hivyo, si kosa la hesabu. Yuko aliyefanya jambo ambalo dhamiri yake hailikubali, au aliyeliona likifanywa akanyamaza, au aliyesalitiwa na wakubwa aliowaamini. Jonathan Shay, daktari aliyewatibu wanajeshi waliopigana Vietnam, ndiye aliyelisukuma wazo hili katika miaka ya 1990, akiliita jeraha la kimaadili. Mtu mwenye jeraha hilo hasaidiki kwa kuambiwa hakukosa. Anahitaji mahali pa kulitamka jambo lake zito bila kutukanwa wala kupongezwa, na njia ya kufidia palipo na njia. Hapa kiongozi wa dini mwenye busara anaweza kufanya kazi ambayo daktari haiwezi, na hakuna ubaya wote wawili wakifanya kazi pamoja.

Dawa zipo. Setralini, paroksetini na venlafaksini, zinazotumiwa pia kwa sonona, hupunguza dalili kwa baadhi ya watu, na huchukua wiki kadhaa kuonyesha matokeo. Hazikatizwi ghafla bila daktari. Kwa majinamizi hutumiwa prazosini, dawa ya shinikizo la damu. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2018 haukuona ikikishinda kidonge kisicho na dawa ndani, lakini mwongozo wa matibabu wa 2023 wa idara za wanajeshi wastaafu na ulinzi za Marekani bado unaipendekeza, kwa uzito mdogo, kwa majinamizi. Mwongozo huo huo unapinga kutibu PTSD kwa dawa za jamii ya diazepamu. Humtuliza mtu jioni hiyo, humjengea uraibu, na huzuia yale mafunzo ambayo tiba inajaribu kuupa mwili.

Je, mtu hupona? Mapitio ya tafiti za wanajeshi yaliyotolewa 2015 yalionyesha kwamba takriban nusu hadi asilimia 70 ya waliopata tiba hizi walipata nafuu ya kuonekana, na papo hapo kwamba karibu theluthi mbili walimaliza matibabu wakiwa bado wanahesabika kuwa na PTSD. Namba hizo zisomwe zote mbili. Mtu aliyekuwa akilala saa mbili na sasa analala tano, anayeweza kumpeleka mwanawe uwanjani, anaweza bado kuwa na ugonjwa kwenye karatasi. Na aliyejaribu tiba moja bila kufaulu bado ana nyingine za kujaribu.

Kupata watu wa kusimama nawe

Hata jina la ugonjwa huu tunalo kwa sababu wanajeshi waliketi pamoja wakazungumza. Kuanzia 1970, mjini New York, waliorudi kutoka Vietnam walianza kukutana kwa vikundi kueleza waliyoyaona na waliyoyafanya. Madaktari wa akili Robert Jay Lifton na Chaim Shatan waliombwa kuketi nao. Mwaka 1972 Shatan aliandika gazetini juu ya hali aliyoiona, na juhudi za watu hao zilichangia sana kuufikisha ugonjwa katika mwongozo wa 1980. Mwaka mmoja kabla, 1979, Marekani ilikuwa imeanzisha vituo vya ushauri nje ya hospitali kwa ajili ya wanajeshi wastaafu. Uingereza ina shirika la Combat Stress lililoanza 1919. Kwingineko milango ni tofauti: hospitali ya jeshi, chama cha wanajeshi wastaafu, kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya kawaida, ofisi ya ustawi wa jamii. Mahali pasipo na lolote kati ya hayo, anza na daktari au mwuguzi yeyote unayemfikia, na uombe rufaa.

Mwenzako aliyepitia yaliyokupata ana kitu ambacho mtaalamu hana: humwelezi kwa nini umekaa pale ulipokaa. Wengi hukubali kwenda hospitalini kwa sababu tu mwenzao wa kikosi amewaambia, nilikwenda, nilikaa, nikatoka nikiwa hai. Kikundi kizuri kinakurudisha kwenye maisha. Kama mnakutana kunywa tu, na kila mara mnaachana mkiwa na hasira kuliko mlivyokuja, hicho ni kijiwe cha kukwepa kwa pamoja.

Kwa jamaa, jambo la kwanza ni kutomlazimisha asimulie. Kumchimba mtu habari mezani si tiba. Muulize siku yake, muulize amelalaje, mwache aseme kwa kiasi chake. Akiwa kwenye jinamizi usimtikise wala kumwinamia. Simama mbali na mikono yake, mwite kwa jina, washa taa, mwambie yuko wapi. Watoto waambiwe kwa maneno ya umri wao kwamba mzazi ana ugonjwa unaomfanya ashtuke na kwamba kosa si lao, maana mtoto asipopewa sababu hujitungia yake, na mara nyingi hujitungia lawama. Kisha, kwa makubaliano na kidogo kidogo, acheni kuishi kwa kanuni za ugonjwa: mgeni mmoja aje kwa saa moja, mkiwa mmekubaliana ishara ya kutoka akizidiwa. Lakini ugonjwa si kibali cha kupiga. Ngumi zikianza, usalama wa mwenzi na watoto hutangulia kila kitu, na kuondoka kwa muda si usaliti.

Mtu akianza kusema yeye ni mzigo, akigawa vitu vyake, akiaga watu bila safari, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akijibu ndiyo, usimwache peke yake, piga simu ya dharura au mfikishe hospitalini, na uhakikishe silaha haipo karibu naye. Miongoni mwa wanajeshi wastaafu wanaojiua Marekani, takriban 7 kati ya 10 hutumia bunduki. Wimbi kali la kutaka kufa mara nyingi ni fupi, na bunduki iliyofungiwa kwingine, ufunguo ukiwa kwa mtu mwingine, inampa nafasi ya kulivuka.

Siku ya kwanza kwa daktari, wengi hukaa kitini wakasema wana matatizo ya usingizi, wakapewa vidonge, wakarudi nyumbani. Kuna maswali matano mafupi ambayo wahudumu wa afya hutumia, nawe unaweza kwenda ukiwa umeyajibu. Katika mwezi uliopita, umepata majinamizi au mawazo ya tukio bila kuyataka? Umejikaza kutoyafikiria au kukwepa vinavyokukumbusha? Umekuwa ukijilinda na kushtuka kwa urahisi? Umejihisi ganzi au uko mbali na watu? Umeshindwa kuacha kujilaumu wewe au wengine kwa yaliyotokea? Ndiyo tatu au zaidi hazithibitishi ugonjwa, zinaonyesha kwamba unahitaji kupimwa kikamilifu. Mwambie pia kama uliwahi kuwa karibu na mlipuko, kwa sababu mtikisiko wa ubongo huleta usahaulifu, maumivu ya kichwa na hasira zinazofanana na za PTSD, na mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Beba hati zako za utumishi na za matibabu ya jeshini. Kama unadai fidia au pensheni ya ulemavu, maelezo yaliyoandikwa na mwenzako aliyekuwepo siku ile yana uzito, na yaombwe sasa, wakati bado mnajua mlipo.

Usijiambie kwamba umechelewa. Utafiti wa wanajeshi waliopigana Vietnam uliochapishwa 2015 ulikadiria kwamba watu wapatao 271,000 walikuwa bado na ugonjwa huu, kamili au kwa sehemu, miaka 40 na zaidi baada ya vita. Wengine hushikwa kwa nguvu wanapostaafu kazi ya pili, mikono ikiwa haina tena cha kufanya, na tiba zile zile huwasaidia hata wazee.

Wiki za mwanzo za tiba zinaweza kuwa nzito, na ndoto zinaweza kuongezeka kabla hazijapungua. Wengi huacha hapo hapo, kwenye kikao cha tatu au cha nne, kwa kukwepa kule kule kulikowaleta. Ukihisi unataka kuacha, nenda kikao kimoja zaidi ukamwambie mtaalamu hivyo hivyo usoni, mpunguze mwendo kama inabidi. Na kama tatizo ni yeye mwenyewe, hakusikilizi, anakuhubiria, au anashtuka kuliko wewe, omba mwingine. Una haki ya kuomba hivyo, na uliza kama faili lako linaweza kuhamishwa nawe ili usianze kusimulia upya tangu mwanzo.